Safari ya Kuwapatanisha Waliokwisha Kupatana

Jirani zangu wa Tandika, na ninyi mashoga zangu wa ofisini mnaonitazama kwa jicho la pembeni tangu nirudi, nimeamua kuandika mara moja ili nisisimulie upya kila ninapotoka kununua sukari. Habari za nani alitutuma na barua zilipigwa mihuri mingapi naziruka, hazina ladha. Itoshe mjue kwamba tulipoondoka daraja la Rufiji lilikuwa limeshafunguliwa, lami ya Somanga ilikuwa bado ni ahadi, na mimi Tabu, mwenye cheti cha wiki mbili cha utatuzi wa migogoro, nilitumwa pamoja na bosi wangu twende Nkowe, wilaya ya Ruangwa, kuwafundisha watu kuishi kwa amani.

Bosi wangu nitamwita Dokta, maana mwenyewe hapendi kuitwa vinginevyo. Udaktari wake ni wa amani. Ameusomea nchi tatu, na katika miaka minne ameshagombana na makarani watano.

Mbagala hadi Ndundu

Ugomvi wa kwanza ulitukuta Mbagala kabla basi halijawashwa. Dokta alikuta kwenye kiti chake cha dirishani mwanamume mmoja mnene mwenye mfuko wa pimamaji na mwiko wa kupigia lipu. Dokta akamwonyesha tiketi. Yule bwana akaisoma yote, mbele na nyuma, akasema, "Namba ni yako mzee, lakini mimi hutapika nikikaa ndani." Dokta akamwita kondakta, kondakta akamwita dereva, dereva akasema hilo si gari la kwake, yeye kaajiriwa kuendesha tu. Tulichelewa kuondoka nusu saa. Hatimaye Dokta akapata dirisha, na fundi mwashi akakaa katikati yetu akiwa amekumbatia ndoo.

Tulipopita Kibiti, fundi akaniuliza tunakokwenda.

"Nkowe, upande wa Ruangwa. Tunakwenda kujenga amani."

Macho yakamng'aa. "Hiyo Amani ni shule au ukumbi?"

"Siyo jengo, kaka. Ni amani. Watu wasigombane."

"Aa," akasema kwa huzuni, akatazama mwiko wake. Baadaye kidogo, tukiwa juu ya daraja, akaniinamia. "Lakini dada, hata hivyo mtahitaji choo. Watu wakikutana lazima kuwe na choo." Akaniandikia jina lake kwenye ganda la sigara, nami nikalipokea kwa adabu.

Ndundu hadi Somanga

Mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha wiki ile. Mbele yetu malori yalikuwa yamepangana kama ng'ombe kwenye josho, na basi letu likaingia kwenye tope hadi likakalia tumbo. Kina mama wa kandokando, ambao nadhani wanaiombea barabara ile isitengenezwe, walikuwa tayari na mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga na chai kwenye birika. Tulikaa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi.

Kondakta akatangaza wanaume washuke kusukuma. Wanaume wakashuka, na wanawake wengi pia. Dokta hakushuka. Alisema mgongo wake una tatizo la muda mrefu, akafungua kitabu. Mimi nikavua viatu nikaenda nyuma. Gari lilipong'oka kidogo, nikateleza nikaanguka kifudifudi mpaka tope likaingia masikioni. Nilipoinua uso nikamwona dirishani akicheka. Nasema alicheka, hakutabasamu. Nilimwona jino la mwisho.

Sasa hapa nikiri kosa langu. Kondakta alikuwa anatafuta kitu cha kutia chini ya tairi. Matawi yalikuwa yameisha. Akaniuliza, "Dada, ile mizigo mirefu juu ya keria ni nini?" Ilikuwa ni karatasi zetu kubwa za semina, mabunda mawili, zilizofungwa kwa nailoni na kupigwa muhuri. Nikiwa na tope masikioni na kicheko cha Dokta kikinilia moyoni, nikasema, "Ni karatasi tu. Chukua moja."

Bunda zima likalala kwenye tope la Somanga, na basi likapita juu yake. Abiria wakashangilia. Nadhani hakuna semina iliyowahi kusaidia watu wengi kwa haraka namna ile.

Dokta alipojua, alisimama katikati ya basi akanieleza mbele ya watu wote kwamba mimi ni msaliti wa taaluma. Nikamjibu kwamba taaluma yenyewe ilishindwa kushuka kwenye gari. Tangu hapo hatukusemezana tena.

Nangurukuru hadi Nachingwea

Tulilala Nangurukuru, na kulipokucha tukaendelea, wataalamu wawili wa maridhiano, kila mmoja akitazama upande wake. Dokta alipotaka kujua kama nina funguo za begi, alimwambia kondakta, "Mwulize yule dada." Kondakta akaniuliza, nami nikajibu, "Mwambie yule mzee funguo anazo mwenyewe mfukoni." Kijana wa watu alifanya kazi hiyo hadi Mnazi Mmoja ya Lindi, kisha akasema amechoka.

Tulipoiacha lami ya Masasi pale Nanganga, vumbi jekundu likatupaka wote rangi moja, nikapata faraja kidogo. Nachingwea tuliingia alasiri. Mji una barabara pana na zilizonyooka kupita kiasi, maana Waingereza waliupima kwa ajili ya karanga, na karanga zenyewe hazikuja.

Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mchangamfu aitwaye Mama Fadhili, alituletea ming'oko kwenye sinia, imechemshwa, pamoja na chumvi na pilipili. Kwa wasioijua, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, na huliwa kwa kuvuta ile nyama ya ndani kwa meno na kuliacha ganda. Dokta hakuuliza. Akatafuna ganda na nyama vyote, mmoja baada ya mwingine, uso umemkauka, akisema ni mitamu sana. Nilijua. Nilikuwa nimeshaona watu wanavyokula kule Nanganga. Lakini si hatusemezani? Nikamenya yangu taratibu.

Mama Fadhili alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Huyu mzee ni ndugu yako?"

"Ni bosi wangu."

"Basi mna ugomvi," akasema. "Mtu hamwachi mwenzie akala maganda bila sababu."

Nachingwea hadi Nkowe

Gari tuliloahidiwa lilikuwa limekwenda msibani. Tulingoja hadi saa tano, kisha tukapata pikapu iliyobeba magunia ya chumvi, ikatushusha njiani, na kipande cha mwisho tukakimaliza kwa baiskeli za kukodi, sisi tumekaa kwenye keria. Dokta alipakata bunda lililobaki la karatasi, limelala kushoto na kulia kama boriti. Kila tulipopita penye njia nyembamba lilivuta mahindi na mbaazi za watu. Wenye mashamba walitoka kutazama, wakasalimia kwa heshima, kisha wakainama kuokota mbaazi zao.

Kitongoji chenyewe sitakitaja jina, maana watu wake wanajua kusoma. Tulipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni chungu ya mawe, kubwa kuliko nyumba, na pembeni yake chungu ya mchanga. Mwenyekiti, Bwana Mchopa, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua, alisimama mbele yake akiwa na fahari.

"Karibuni sana. Mawe tumeshasomba, mchanga tumeshasomba. Barua ilisema mradi wa kujenga Amani. Saruji inakuja na gari jingine?"

Nilimtazama Dokta, naye akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Somanga. Kisha tukakumbuka, tukageuza nyuso.

Nkowe, siku ya kwanza

Semina ilikuwa kwenye darasa la shule. Tulitundika kitambaa chetu cheupe chenye maandishi ya buluu, AMANI HUANZA NA MIMI, na Dokta akaomba waletwe mbele wahusika wakuu wa mgogoro.

Niwaeleze mgogoro. Zamani baba yake Mzee Nangomwa, Mmwera wa hapo hapo, alimwazima shamba Mmakonde mmoja aliyekuja na familia yake akikimbia vita vya Msumbiji. Yule mgeni akalima, na akapanda mikorosho. Waliokuwa wameazimana wakafa wote wawili. Korosho zikapanda thamani, na watoto wakaanza kuulizana: ardhi ni ya Nangomwa, je, miti ni ya nani? Miaka miwili kabla ya sisi kwenda, mtu alichoma kibanda cha Mzee Agustino, mtoto wa yule mgeni. Katika purukushani ile kijana wake, Deo, akakatwa panga mkono wa kushoto. Vidole vyake vitatu havikunjiki hadi leo. Ndipo akaja mtu akaandika, akaondoka na daftari, na daftari hilo likazunguka mijini miaka miwili hadi likatufikia sisi.

Wahusika wakaingia. Walikuja na baiskeli moja, Nangomwa akiendesha na Agustino amekaa nyuma. Bwana Mchopa akawakimbilia mlangoni, akawanong'oneza, akamkalisha mmoja kushoto mwa darasa na mwingine kulia. Baada ya muda nikamwona Mzee Agustino akipapasa mifuko, na Mzee Nangomwa, bila kugeuza kichwa, akamrushia kikopo cha ugoro. Kikapita mbele ya Dokta aliyekuwa akieleza hatua saba za uhasama.

Mchana nikaenda jikoni kusaidia. Mpishi alikuwa Bi Somoe, mwanamke wa makamo, Myao, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kwa ukoo wake alikuwa mtani wa pande zote mbili, Wamwera na Wamakonde, na alikuwa akiwatukana wote sawasawa huku akiwapakulia.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Tabu."

"Ehe! Tumeletewa Tabu, na daktari wake." Akacheka mwenyewe hadi akashika kiuno. Kisha akapunguza sauti. "Sikiliza. Hawa wameshapatana. Mwaka jana, baada ya mavuno. Walikula ugali sahani moja, pale mpakani, sisi wote tukitazama. Miti ni ya Agustino mpaka ife, mingine haipandwi. Na mambo mawili hayatajwi tena: moto, na nkono wa Deo. Nani aliwasha, nani alikata, kila ntu anajua. Hatusemi."

"Sasa mbona mmetuita?"

"Barua ilisema waletwe wenye ugomvi bila kukosa. Mchopa akaogopa. Akasema tukiwapelekea waliopatana itakuwa kuidharau serikali. Akawaomba wagombane kidogo, siku tatu tu, mpaka mwondoke." Akanishika mkono. "Mwambie mzee wako asichimbe. Kidonda kikishashika ngozi hakikwanguliwi."

Hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda moja kwa moja kwa Dokta, nikamkalisha, nikamweleza yote. Sikufanya hivyo. Nilikuwa bado nina tope la Somanga moyoni. Nilimwambia Bwana Mchopa, "Mwambie Dokta kwamba kuna taarifa watu hawa wameshapatana." Bwana Mchopa, aliyekuwa na sababu zake za kutaka jambo hilo lisijulikane, akamwambia Dokta kwamba chakula kimeshaiva.

Nami nikajihesabia nimetimiza wajibu.

Nkowe, siku ya pili

Asubuhi Dokta alichora mti mkubwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Katika taaluma yetu huu unaitwa mti wa mgogoro. Matawi ni matokeo, shina ni tatizo lenyewe, na mizizi ni sababu. Akagawa kalamu za rangi, akawaambia kila mtu aje aandike mzizi mmoja.

Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja akaandika "umaskini", akarudi mbio kukaa. Mwingine akaandika "shetani".

"Hapana," Dokta akasema. "Mnazunguka. Mnaogopa. Nani alifanya nini? Bila kusema, hamwezi kupona."

"Mwalimu," Mzee Agustino akasema taratibu, "sisi tumeshapona."

"Huko ndiko kukana. Ni hatua ya tatu."

Nilikuwa nimekaa pembeni na daftari. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Niliiona nafasi yenyewe, ndefu, kama dakika nzima. Nikaandika kwenye daftari: *washiriki wana maoni tofauti*.

Kisha akainuka kijana mmoja wa upande wa akina Agustino, mtu ambaye hakuwepo siku ya ule ugali kwa sababu alikuwa Dar akiuza mitumba. Akachukua kalamu nyekundu. Chini kabisa ya mti, kwenye mzizi mnene, akaandika kwa herufi kubwa: MOTO – HASHIMU.

Hashimu alikuwa mpwa wa Mzee Nangomwa, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu. Na watoto wa shule walikuwa wamepanga nyuso dirishani wakisoma kwa sauti, kama wanavyofundishwa: "Mo-to. Ha-shi-mu." Bintiye mkubwa alikuwa miongoni mwao. Akamaliza kusoma, akageuka kumtazama baba yake.

Hashimu akatoka nje. Mama yake Deo akaangua kilio, na Deo akauficha mkono wake chini ya dawati. Mzee Nangomwa akasimama, akamwambia Agustino, "Tulisema haitatajwa." Agustino akasema, "Siyo mimi niliyetaja." Nangomwa akasema, "Ni ntoto wako." Kisha wakaanza wote kusema kwa pamoja, Kimwera huku na Kimakonde kule, na Kiswahili chetu kikabaki katikati hakina kazi.

Dokta alinigeukia, amesahau kwamba hatusemezani. Macho yake yalikuwa yanameremeta. "Umeona? Sasa ndiyo wanafunguka!"

Jioni wale wazee wawili walirudi kila mmoja peke yake. Agustino alikwenda kwa miguu.

Nkowe, siku ya tatu

Saa moja asubuhi tulisikia mayowe. Tulikimbia na watu hadi shambani. Mikorosho mitatu, minene, ya zamani, ilikuwa imezungushwa kwa shoka, gome limebanduliwa, nyama ya mti iko nje, nyeupe na yenye unyevu. Mkorosho ukivuliwa gome pande zote hauponi tena. Unakufa umesimama. Mzee Agustino alikuwa ameweka kiganja kwenye lile jeraha kama anayempima mtu homa.

Deo alikuwa ameshaondoka na panga mkono wa kulia, anaelekea kwa Hashimu, na nyuma yake vijana saba au nane. Kule kwa Hashimu nao walikuwa wameshakusanyika, wana marungu na mashoka. Bwana Mchopa alikuwa amekaa juu ya chungu ya mawe ameshika kofia. Dokta alikuwa anarudia, "Tuite kikao. Tuite kikao." Nilijua wazi, kama ninavyojua jina langu, kwamba mtu atakufa pale, na kwamba mimi nilikuwa na maneno ya kuzuia nikayameza kwa sababu ya kicheko cha kwenye basi.

Ndipo Bi Somoe akatokea kutoka jikoni na mwiko wake, mwiko wa ugali, unadondosha uji. Akawapita wote, akafika mbele ya Deo mahali njia inapobana kati ya mihogo, karibu na nyumba ya Hashimu, akajilaza chini chali, akajifunika kanga gubigubi.

"Nimekufa mie!" akapiga kelele ndani ya kanga. "Deo kaniua! Wamakonde, chimbeni kaburi! Wamwera, leteni sanda!"

Deo akasimama. "Bi Somoe, ondoka njiani."

"Maiti haiondoki. Nivuke."

Hakuna aliyemvuka. Mtani akijilaza njiani, anayemvuka hana tena wa kumzika, maana kule watani ndio huzika. Deo akajaribu kupita kwenye mihogo, naye Bi Somoe akabiringika upande ule ule, na kanga yake. Mtu mmoja nyuma akacheka, cheko dogo la pua, akalizuia.

"Mnamcheka marehemu?" Akafunua uso. "Deo, ntu mwenye nkono mmoja na nusu, unaupeleka na huo nkono mzima ukakatwe? Utamshikaje mkeo? Na wewe Hashimu, toka huko nyuma ya nyumba, nakuona! Ulichoma banda halina hata kuku, leo umepigana na miti. Miti, jamani! Na miti yenyewe imekushinda, mmoja umeuzungusha nusu!"

Alikuwa ametaja yote mawili, mkono na moto, kwa sauti ya kusikika hadi Nachingwea, na hakuna aliyeghadhibika. Mtani hana tusi. Kile ambacho kalamu nyekundu ya mwingine ilikigeuza kisu, kinywani mwake kilikuwa ni kitu cha kufanya watu watazame chini wakiuma midomo.

Hashimu akatoka. Shoka alikuwa ameliacha. Akasimama mbele ya Deo akilia waziwazi. "Mwanangu amelisoma jina langu ukutani," akasema. "Ameniuliza jana yote, baba, moto gani? Ningemjibu nini?"

Deo akalishusha panga, akalichomeka kwenye udongo.

Bi Somoe akakaa, akajipangusa vumbi, akatunyooshea mwiko sisi wawili. "Wenye msiba ni wale. Waliotuulia amani yetu ni wale. Nataka watuletee maji ya kunawa wazee hawa. Kwa kichwa. Kutoka kisimani."

Nilidhani Dokta atakataa na kutaja mgongo. Akavua koti. Nikamwona akijitwika ndoo, mtu aliyesoma nchi tatu, anapanda kilima kile huku maji yakimwagikia shingoni, watoto wanamfuata nyuma wakimwimbia, nami nyuma yake na ndoo yangu. Alipofika maji yalibaki nusu. Akapiga goti mbele ya wazee, akawamiminia maji mikononi, mmoja baada ya mwingine. "Wazee wangu," akasema, "mliniambia mmepona, nikawakatalia. Nisameheni." Hakusema jambo la hatua yoyote.

Nami nikapiga goti. Nikasema kwamba niliambiwa tangu siku ya kwanza, na nikanyamaza. Dokta akanigeukia. "Uliambiwa?" Nikasema ndiyo. Akasema kwa upole ulionichoma kuliko ukali, "Na mimi nisingekusikiliza."

Kazi iliyobaki ilikuwa miti. Mmoja, kama alivyosema Bi Somoe, ulizungushwa nusu, na mwingine ulikuwa umebakiwa na gome la upana wa viganja viwili. Hashimu mwenyewe akakanda udongo wa kichuguu na samadi, Deo akauchota kwa mkono wake mzima, wakapaka. Ikatafutwa nguo ya kufungia. Dokta akaingia darasani akatoka na kitambaa chetu, akakichana vipande. Niliondoka Nkowe nikiwa nimeuona mkorosho uliofungwa bendeji imeandikwa HUANZA NA M.

Mti wa tatu waliupaka pia, ingawa kila mtu alijua. Ile karatasi ya Dokta, Bi Somoe aliitumia kuwashia moto wa pilau.

Kabla hatujapanda baiskeli alitukalisha mimi na Dokta kwenye sinia moja, kisamvu na ugali wa muhogo. "Nimewaangalia siku tatu," akasema. "Kuleni. Na mkimaliza, mambo ya huko mlikotoka hayatajwi tena." Tukala. Ninyi ndio wa kwanza kunisikia nikiyataja, na naomba mnisitiri.

Nachingwea hadi Dar

Kwenye basi la kurudi Dokta alitoa fomu ya ripoti. Ilikuwa na visanduku viwili: migogoro iliyokutwa, na migogoro iliyotatuliwa. Alikaa na kalamu kutoka Nanganga hadi Mtama.

"Tuandike nini, Tabu?"

"Tulikuta hakuna. Ulitatuliwa mmoja."

"Watauliza ulitoka wapi."

"Tuliuchukua Somanga," nikasema.

Safari hii alicheka nami nikacheka, na tulipofika kwenye tope alishuka. Mgongo ulimuuma wiki nzima. Ripoti aliyopeleka sijui alijaza nini. Ninachojua ni kwamba ilisifiwa, na sasa wanatuomba twende wilaya nyingine mbili.

Mwezi wa nane Bwana Mchopa alinipigia simu kutoka juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao. Alisema mikorosho miwili imetoa maua. Wa tatu umekauka, wameukata kuni. Na wiki iliyopita Mzee Nangomwa, mwenye ardhi, alimtuma Hashimu akachimbe shimo pale pale, akampelekea Agustino mche mchanga wa mkorosho aupande.

"Lakini si mlikubaliana mingine haipandwi?" nikauliza.

Nilidhani simu imekatika.

"Madamu," Bwana Mchopa akasema, "hilo usiulize."